Probox Ndani ya Boma la Miiba

Mgeni atakwambia kuegesha gari Lodwar si kazi, uwanja uko wazi mpaka macho yanachoka. Ni kweli. Lakini liache gari juani kuanzia saa tatu asubuhi, urudi saa tisa ushike usukani. Utaruka! Kinachotafutwa mji ule ni kivuli, na kila kivuli kina mwenyewe.

Abdow alilijua hilo kuliko wengi. Miaka kumi na mmoja amebeba abiria kati ya Kakuma na Lodwar: wagonjwa, vijana walioitwa mahojiano ya kazi, akina mama wanaofuatilia vyeti vya kuzaliwa kwenye maofisi. Baba yake ndiye aliyefungua duka Kakuma, yeye akazaliwa chumba cha nyuma ya duka lenyewe, akakua na mdomo mrefu na subira fupi. Alikuwa mtu wa kupiga honi kabla ng'ombe hajaonekana barabarani. Mali yake duniani, alipenda kusema, ni vitu viwili tu: gari lake Probox na mke wake Ugbad. Ugbad akimsikia humuuliza mbona Probox imetangulia.

Miaka sita walikaa bila mtoto. Mwaka wa saba Ugbad akashika mimba, na kabla ya miezi minane kutimia uchungu ukamvamia. Abdow alimkimbiza Lodwar, njia nzima akimwomba Mungu kwa Kisomali na kuitukana lami kwa Kiswahili. Ugbad akapasuliwa siku hiyo hiyo. Mtoto akatoka hai, msichana, kilo moja na gramu mia nne. Wakamwita Iqra.

"Baba Iqra," muuguzi Helen akamwambia, "mama ana homa, hawezi kumbeba mtoto muda wote. Utasaidia. Unavua shati, tunamfunga kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, apate joto. Saa nne asubuhi na saa nane mchana, kila siku. Akifika kilo moja na mia nane mnaenda nyumbani."

"Hiyo ni lini?"

"Wiki tatu. Labda nne. Akipoa au akikosa mtu wa kumbeba, hata mimi sitakuahidi kitu."

Abdow akavua shati. Walipomwekea yule mtoto kifuani alihisi kitu kinapiga tik-tik-tik, haraka haraka, akaogopa hata kumeza mate. Hajawahi kuogopa hivyo. Alikaa saa mbili nzima bila kusema neno, na wanaomjua wanaapa haijawahi kutokea.

Shida ikawa gari. Uwanja wa hospitali mgeni hupewa muda wa kuona mgonjwa, kisha askari wa lango anakugongea kioo. Mbele ya ofisi za kaunti kila mahali pamejaa magari ya wakubwa na ya wanaotafuta wakubwa. Nyuma ya maduka kuna uga wenye paa la mabati, lakini bei yake kwa siku ni chakula cha Ugbad na pesa ya dawa. Alipiga hesabu: siku nane, mfuko mtupu. Kulirudisha gari Kakuma nako ni siku nzima mbali na kifua cha mtoto, na siku nzima ndiyo hasa hakuwa nayo. Ugbad Lodwar hana dada, hana shangazi. Ni yeye tu.

Siku ya pili asubuhi akazunguka mpaka kando ya mto Turkwel, mwendo wa dakika kumi kutoka hospitalini. Akaona migunga mikubwa imetandaza vivuli, na chini yake magari matatu yametulia. Alhamdulillahi! Akaingia chini ya mgunga wa mwisho. Tawi moja likakwaruza kerea ya juu ya gari. Saa nne ilikuwa inakaribia, mtu mwenyewe ana subira fupi. Akatoa panga kwenye buti, akalikata lile tawi, akalitupa kando, akatimua mbio.

Aliporudi saa saba alisimama akashika kichwa. Probox ilikuwa imezungushiwa miiba pande zote, boma kamili, kama zizi la mbuzi. Mbele ya boma ameketi bibi mmoja mwenye shanga mpaka kidevuni, tawi lililokatwa liko mapajani. Kando yake amesimama mzee mrefu na fimbo.

"Ejoka, mama," Abdow akamsalimia kwa Kiturkana, sauti imepungua.

"Ejok. Hii gari ni yako?"

"Ni yangu."

"Na hii tawi?"

Abdow akakiri ni yeye aliyelikata. Bibi huyo ni Namuria, na mzee ni Ekwam, shemeji yake. Miti ile ni ya ukoo wao. Kando ya Turkwel miti si ya porini hata ikionekana hivyo; kila kipande kina familia yake, na kipande hicho huitwa ekwar. Maganda yanayodondoka ndiyo chakula cha mbuzi majani yakiisha. Abdow amekaa Turkana maisha yake yote na hayo alikuwa anayasikia. Lakini kusikia kwa mtu wa duka na usukani ni kusikia tu. Akafanya kosa la pili: akatoa noti ya elfu moja.

Ekwam akanyoosha mkono. Namuria akaupiga mkono ule.

"Rudisha pesa yako. Mwaka ya njaa, mama ya bwana yangu alilisha watoto wake na maziwa ya mbuzi ya hii mti. Sasa wewe unakata kama kuni! Mwenye amekata analeta mbuzi. Mbuzi ikifika, miiba inatoka."

"Mama, nitaleta, wallahi nitaleta. Lakini saa nane natakiwa hospitali. Mtoto wangu ni mdogo sana, lazima nimbebe kifuani, mama yake hawezi. Na hapa mjini hatuna mtu."

"Mdogo namna gani?"

Abdow akaonyesha kwa viganja viwili. Namuria akavitazama vile viganja muda mrefu.

"Enda kwa miguu," akasema. "Gari inabaki ndani. Imefungwa."

Abdow akaondoka akinung'unika kwamba bibi hana huruma hata chembe. Usiku alilala baraza la msikiti. Kesho yake akaenda soko la mifugo, akanunua beberu mweupe, akamburuta mpaka mtoni. Namuria akampapasa mgongo.

"Hii ni mifupa na ndevu," akasema. "Mimi siwezi kula ndevu. Funga hapo ashibe kwanza."

Basi beberu akafungwa chini ya mgunga, akaanza kutafuna maganda ya Namuria, kwa gharama ya Namuria. Siku ya nne Abdow akapita baada ya zamu yake ya mchana. Namuria akapapasa. "Bado." Siku ya tano, bado. Siku ya saba, bado. Na kila siku, kabla ya kugusa mgongo wa mbuzi, bibi huuliza kwanza: "Mtoto amepima ngapi?"

"Moja na mia nne themanini."

"Hm. Mbuzi bado."

Siku ya kumi ndipo Ekwam alipochoka. Hapo chini ya migunga kila gari la mgeni hulipa mia mbili kwa siku, na pesa ni ya ukoo mzima. Hasamehewi mtu; hata padri hulipa. Ekwam alikuwa hachezi na jambo hilo. "Hiyo mbuzi imeshiba toka juzi," akafoka. "Tuchinje, huyu aanze kulipa kama watu!"

"Wewe ndiyo mwenye miti?" Namuria akamjibu bila kumtazama. "Bwana yangu aliachia nani? Mimi nasema iko mifupa. Na gari ya kufungwa si gari ya mgeni. Hailipi."

Abdow alikuwa amesimama pale pale. Kumbe! Bibi hakuwa na njia ya kumsamehe mgeni mbele ya ukoo, lakini mkosaji aliyefungwa ni mambo mengine. Hakuna anayemdai, hakuna anayegusa gari lake, na miiba ile inalinda kuliko askari wa lango. Alitaka kusema, akaona akisema ataharibu, akafunga mdomo wake. Akaenda kumtekea beberu maji.

Siku ya kumi na mbili Iqra alisahau kupumua, mara mbili. Helen akamgusa nyayo, akamgusa tena, pumzi ikarudi. Uzito ukashuka. Abdow hakutoka wodini mpaka karibu na magharibi, shati begani, kifua kimeloa jasho na machozi, Ugbad amemshika mkono upande wa pili. Alipofika mtoni, Namuria alikuwa bado ameketi, muda wake wa kwenda nyumbani umepita zamani.

"Ngapi?" akauliza.

"Ameshuka, mama. Gramu thelathini."

Namuria akainuka, akampapasa beberu aliyekuwa amenenepa hata haoni kamba yake. "Hata hii imekonda leo," akasema polepole. "Hata hii. Itarudi."

Na kweli ikarudi. Mia sita. Mia saba. Homa ya Ugbad ikaisha, akaanza kumbeba mtoto mwenyewe na kumfukuza Abdow akapumzike, naye Abdow hataki kufukuzwa. Siku ya ishirini na tatu Helen akaweka mtoto kwenye mizani, akasoma, akasoma tena, akacheka: kilo moja na mia nane na kumi. Abdow alimshika Ugbad, wakalia wote wawili mbele ya wauguzi bila haya.

Walikwenda mtoni watatu, Iqra amefungwa kifuani mwa mama yake. Namuria hakuuliza uzito. Alifunua shuka, akatazama uso, akatikisa kichwa kwa furaha, kisha akaenda kuweka mkono mgongoni mwa beberu.

"Sasa ameshiba," akasema.

Abdow akachinja mwenyewe kwa bismillahi, nyama ikachomwa pale pale, wakala wote, Ekwam akila kuliko wote. Alipomaliza akajifuta mikono. "Sawa. Mbuzi ni ya tawi. Na siku ishirini na mbili za kivuli, nani analipa?"

"Ekwam," Namuria akasema, "umeona wapi mfungwa analipishwa kodi ya jela?"

Watu wakaangua kicheko, Ekwam naye akashindwa, akacheka. Abdow hakucheka. Alipiga magoti mchangani mbele ya yule bibi, yeye mtu wa maneno mengi, akainamisha kichwa.

"Inuka," Namuria akamwambia, huku akianza kuvuta miiba pembeni. "Peleka mtoto nyumbani, jua linapanda."