Nyumba ya Ebba Yatiwa Joto

Zamani nyumba iliachwa izeeke pamoja na wenyewe. Siku hizi inarudishwa ujana ilhali wenyewe mguu mmoja u kaburini.

Thorkild na mkewe Ebba walijenga yao nje kidogo ya mji wa Odense, enzi zile Wadenmaki walipopenda paa bapa na kuta za vioo kutoka sakafuni hadi darini. Ilijaa mwanga. Baridi nayo ilikaa mle kama mpangaji asiyehama. Ebba akivaa soksi juu ya soksi na kucheka.

Alipoanza kusahau, majina ya wanawe yalimtoka, nyumba haikumtoka. Alipapasa matofali ya ukuta, akafuata mwanga wa vioo, akafika jikoni.

"Baba, joto lote linapotelea viooni, mnapasha moto bustani," alisema mwanawe, Jesper. "Mama anatetemeka humu kama kifaranga kilicholowa."

"Mama yako hajalalamika."

"Hakumbuki kulalamika!"

Neno hilo lilimchoma Thorkild, akakubali. Ebba akapelekwa kwa dada yake. Wangemshtukiza siku yake ya kuzaliwa. Mafundi wakayafunika matofali kwa sufi ya kuzuia baridi na mbao juu yake, vioo wakavipunguza nusu, vilivyobaki wakavitia tabaka tatu. Upepo haukupata pa kupenya tena.

Siku ilipofika, bendera ilipandishwa bustanini, kama ilivyo desturi yao siku ya kuzaliwa, nyingine ndogondogo zikachomekwa kwenye keki. Ebba akaletwa, akavua viatu, akaketi ukingoni mwa kiti. Akala, akaisifu keki. Kisha akainuka, akawapa wote mkono mmoja mmoja, kama afanyavyo mgeni anayeaga, mpaka akamfikia Thorkild.

"Ahsante kwa chakula. Nyumba yenu ina joto zuri."

"Ebba, hapa ni kwetu."

"Acha utani wako, bwana! Kwetu kuna baridi hiyo! Hebu niitie teksi, mume wangu atadhani nimepotea."

Jesper akakimbilia jikoni, akafungulia maji ya bomba kwa nguvu.

Tangu hapo kila siku Ebba alitoka kwenda kutafuta kwao. Alipookotwa barabarani miguu mitupu, theluji ikianguka, wakampeleka kwenye makao ya wazee.

Mara ya mwisho Thorkild kumwona, alikuwa ameketi dirishani, koti mwilini, mkoba mapajani, macho kwenye lango. Thorkild akasimama mbele yake, akamwita jina.

"Mzee, sogea kidogo," Ebba alisema. "Unanizibia. Mume wangu akija hataniona."

Thorkild akasogea.