Kaka Anasafisha Sauti za Gemu Yetu ya Zamani, na Sauti Moja Ni Yangu

Admin, jina langu baki nalo wewe, hapa Musoma tunajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, nina watoto wawili, tunaishi Nyakato. Mume wangu ni mtu mwema, hanywi, hanipigi, na ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani. Nalisema mapema kwa sababu nawajua kwenye komenti, mtu akiandika mume kakoroma mnamwambia afungashe.

Nimekulia Bunda, Nyasura. Kaka yangu alikuwaga na banda la gemu pale nyumbani, runinga mbili na pedi zimefungwa na mpira wa baiskeli. Kaka ni fundi wa kuzaliwa. Aliichukua gemu ya mpira ya zamani akaingiza timu yetu ya mtaani na timu ya Butiama, majina yote mpaka ya makipa. Mtangazaji wa Kizungu akamtoa, akatangaza mwenyewe kwa Kiswahili chetu. Vijana walikuwa wanatoka mpaka Butiama kuja kujisikia wakitajwa.

Kipa wetu alikuwa kijana mmoja mrefu, mpole. Siku tumecheza na Butiama alifungwa manne, la mwisho likapita katikati ya miguu. Kaka akanisogezea simu anarekodi, akasema, "Hebu sema kitu, sauti ya kike itanoga." Nilikuwa na miaka kumi na tano na mdomo haukai. Nikasema, "Jamani, huyo ni kipa au mlango wa choo cha stendi? Kila mtu anapita!" Akaiweka kwenye gemu, ikawa kipa huyo akifungwa inatoka. Nilijiona staa, siwafichi.

Wakaanza kumwita Choo cha Stendi, mpaka wauza mboga. Akaacha mpira, akaenda zake Buhemba kwenye dhahabu. Miaka ikapita, nikamkuta hapa Musoma anauza vipuri vya pikipiki, tukapendana. Ndiyo huyo mume wangu.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia. Nilitaka. Wiki chache baada ya harusi akanieleza mwenyewe kwamba kuna timu ya Mwanza ilimwita kwenye majaribio na hakwenda, aliogopa lile jina litamfuata. Akasema, "Kaka yako nilishamsamehe. Ila yule dada aliyesema yale maneno, yule siwezi." Anaamini ni dada aliyekuwa anauza vocha mlangoni pa banda. Nikasema moyoni nitamwambia kesho. Sasa ni mwaka wa tisa.

Na huyo dada wa vocha naye yuko Nyakato, tuko jumuiya moja. Mume wangu hamsalimiagi. Mimi namsalimia kwa niaba ya wote wawili, nampelekea na dagaa, kama vile dagaa zinafuta dhambi.

Mwaka huu kaka katangaza anairudisha ile gemu, iingie kwenye simu. Kwenye kundi la watu wa Nyasura pakachafuka. Wengine wanataka itengenezwe upya, picha zing'ae, sauti ziwe safi. Wengine wanasema ukigusa hata nyasi za uwanja siyo gemu yetu tena. Mume wangu hakuandika kitu. Alimwita kaka nyumbani Jumapili, tukala ugali na sato, halafu akasema taratibu, "Shemeji, itengeneze upya. Ila yale maneno yatoe."

Kaka akajibu, "Shemeji, hayo ndiyo watu wanayasubiria. Hebu sikia kwanza nilivyoyasafisha."

Fundi akishika kazi yake anasahau watu. Ile ya zamani ilikuwa na ngurumo ya jenereta na mikwaruzo, hata mama aliyenizaa asingenitambua. Hii mpya ikaanza, "Jamani, huyo..." na ni mimi kabisa. Nikamkatiza kaka kwa nguvu, "Zima! Iacheni kama ilivyo, ya zamani mnayachokonoa ya nini?"

Mume wangu akaacha tonge kwenye sahani. "Mama watoto, na wewe unataka niendelee kuchekwa?"

Maneno mawili hayakumtosha kunitambua. Anadhani nimesimama na kaka yangu. Ukweli ni kwamba naitetea ile mikwaruzo kwa sababu inanificha.

Nilimsindikiza kaka mpaka barabarani, nikamlilia. Akasema, "Kwangu nitayatoa. Lakini ile sauti ya zamani watu walishajirekodia kwenye simu zao, na siku hizi kusafisha sauti kila mtu anaweza. Mwambie mumeo wewe, kabla hajasikia."

Kaka akayatoa kweli. Nikapumua, nikajua yameisha. Kumbe mume wangu anasema kufuta hakutoshi, mwenye maneno aje aombe msamaha mbele ya jumuiya, naye atamsamehe yaishe. Akatuma ujumbe kwa dada wa vocha.

Juzi huyo dada kaja kwangu, kanikuta nachambua dagaa. Akakaa, akasema, "Mimi sikumbuki kusema hayo, ila ni zamani, labda nilisema. Nimechoka kupitwa kama jiwe. Jumapili nitaomba tu msamaha." Halafu akatoa kidaftari kwenye mkoba. "Wewe ndiye unamjua mumeo. Niandikie maneno ya kumlainisha."

Ndugu zangu, nilimwandikia. Mistari minne, kwa mkono wangu huu, na akanishukuru.

Jumapili ni keshokutwa. Nikisema, nampoteza mume. Nikinyamaza, mtu asiye na kosa atasimama mbele za watu na mbele za Mungu akibebeshwa maneno yangu kwa mara ya pili. Naombeni ushauri, matusi wekeni pembeni kwanza. Nianze na nani, mume wangu au yule dada?