Mechi ya Mwisho na Akina Mama wa Jumamosi

Mama yangu alinipa msimu mmoja. Alinipa jikoni kwetu Buruburu, huku akikatakata sukuma wiki, bila hata kuniangalia. "Cheza hiyo ligi yako mpaka iishe," akasema. "Ikiisha na wamekuacha, Jumatatu unaenda kwa shangazi yako kule Tassia." Shangazi ana duka la vifaa vya ujenzi, na alikuwa anatafuta mtu wa kukaa kaunta. Mimi sina ugomvi na misumari. Lakini mtu akishaonja kulipwa kwa kucheza mpira wa video kwenye runinga, hata kama mshahara wenyewe ni wa kununulia sabuni na nauli, ukimtajia kaunta anaumwa na tumbo.

Na nikisema ligi, tafadhali, simaanishi watoto wanaopigiana kelele kwenye kibanda cha michezo. Hii ni ligi ya kulipwa. Kuna jezi, kuna mikataba, kuna refa, kuna watangazaji mtandaoni wanaobweka kama wako kwenye mnada wa ng'ombe. Timu yetu ya Eastlands ina wachezaji wanne, kila mmoja anacheza akiwa kwao, halafu pointi zinaunganishwa. Mimi ndiye msichana pekee, na kwa hasira hakuna anayenifikia. Kuna kijana mmoja aliwahi kuniandikia kabla ya mechi, "Usijali dada, ni mchezo tu." Nilimwandikia "Pole kaka" baada ya kila bao, na mabao yalikuwa mengi.

Tulianza msimu vizuri, tukaanza kujiona, tukaporomoka. Kufikia Jumamosi ya mwisho tulikuwa wa pili kutoka mkiani. Wa mwisho anashuka daraja, na akishuka mikataba inavunjwa. Wenzangu walishamaliza mechi zao, wakaniachia mimi mzigo wote: nikitoka sare tunabaki, nikifungwa tumekwisha.

Ijumaa jioni Mama akatangaza, "Kesho kikundi kinakuja hapa." Hicho ni kikundi cha akina mama wa kanisa, wanazungukiana nyumba kwa nyumba. Haikuwa zamu yetu, lakini mwenye zamu alikuwa amekwenda mazishini nyumbani kwao magharibi.

"Mama, kesho nina mechi!"

"Saa ngapi?"

"Saa saba."

"Basi. Wao wanakuja saa nane."

Nikacheka moyoni. Ni nani jamani amewahi kuona mkutano wa saa nane ukaanza saa nane katika jiji hili? Saa nane mtu bado anatafuta kitambaa cha kichwa. Saa tisa ndiyo wa kwanza anafika na kuuliza, "Kumbe wengine hawajakuja?" Nilijua saa hiyo nitakuwa nimeshamaliza, nimeoga, nimevaa sketi ndefu na uso wa unyenyekevu.

Ambacho sikuambiwa ni kwamba kikundi kilikuwa kimepitisha sheria mpya: atakayefika wa mwisho ndiye atakayeosha vyombo vyote. Na vyombo vya kikundi kile si mchezo, kuna sufuria unaweza kumwogeshea mtoto.

Ligi nayo, ile ligi ya kisasa, ya kompyuta, ikachelewa. Stima zilipotea kwa refa, kompyuta yake ikazima. Saa saba ikapita. Saa saba u nusu refa akatuma ujumbe, "Tuvumiliane jamani." Baba, mstaafu wa reli, akachukua kofia yake akasema anakwenda kwa kinyozi. Kila kikundi kikija, nywele za Baba humea ghafla. Saa nane ikikaribia, ndipo kipenga kikalia.

Saa nane kamili, hodi. Akina mama wote, kwa mpigo, wanahema, wawili wamekwama mlangoni kila mmoja akikataa kuwa wa mwisho.

Utaniuliza kwa nini sikuhamia chumbani. Kanuni inataka intaneti ya waya, na waya wetu unaishia sebuleni. Nilikuwa nimekaa katikati ya sebule, hedifoni kichwani, kamera usoni, padi ya kuchezea mkononi. Na kwetu mgeni hasalimiwi umekaa, wala hasalimiwi kwa mkono mmoja. Unasimama, unatoa mikono yote miwili, na unaulizwa habari za shule uliyomaliza zamani.

Mpira ukatoka nje, nikausimamisha mchezo, nikainuka. Refa akaniuliza masikioni, "Mchezaji, mbona umesimama?"

"Nasalimia."

"Unasalimia nani wakati wa mechi?"

"Mama Mwenyekiti."

Akaniruhusu. Nafikiri na yeye ana mama.

Nikausimamisha tena kwa mgeni wa pili, wa tatu, mpaka huruma ya refa ikaisha. "Ukisimamisha tena nakupokonya mechi," akasema. Mama wa mwisho nilimpa kiwiko cha kushoto huku nikiendelea kucheza. Alipokuwa akiuliza kama nimepata mchumba, nikafungwa bao. Haki nilitaka kulia. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Mimi nilikuwa nakufa.

Mapumziko yaliponikuta, Mama Mwenyekiti alikuwa ananitazama kwa macho ya kungoja. "Msichana wetu, na maji ya kunawa?" Jagi na karai ni kazi ya binti wa nyumba, hilo halina mjadala. Nikavua hedifoni, nikapita na karai nikikimbia. Kuna mikono sikuinawisha, niliinyunyizia tu. Viatu vya Mwenyekiti vilipata maji kuliko vidole vyake. "Ai! Huyu mtoto anatukimbiza wapi?" akauliza.

Kipindi cha pili nilicheza kama mtu aliyetukanwa. Mpira ukagonga mwamba, ukanirudia, nikaupiga kwa hasira zote za siku hiyo na kupiga kelele, "Ingia, shetani wewe!"

"Ashindwe!" wakaitikia nyuma yangu, kwa pamoja.

Ukaingia. Moja kwa moja. Nikabakiwa na dakika chache tu za kulinda sare yangu, na hapo ndipo Mama Mwenyekiti akainuka na kusema, "Chakula kiko tayari. Tusimame tuombe."

Ole wangu. Mama yule akiomba huanzia kwenye uumbaji. Na kwetu maombi yakianza hakuna mtu anayecheza na kitu: unasimama, unafumba macho, unatulia. Nilipokuwa mdogo nilifinywa kwa kufumbua jicho moja, na mkono wa Mama kwa kufinya hauna mfano. Nikasimama, padi kifuani. Nikifumba, kaunta ya Tassia. Nikifumbua, Mama.

Nikafumba. Kweli nilifumba. Nikausikia umati wa kwenye hedifoni ukianza kuvuma, jinsi unavyovuma mtu akielekea golini, na golini kwangu hakukuwa na mtu mwenye macho. Machozi yakaanza kunitoka. Nikafumbua kidogo tu, nimtazame Mama, nimwombe msamaha kabla.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sahani ya chapati. Macho yake yalikuwa yamefumbuka wazi kabisa, na hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia runinga. Akainua kidevu, na kwa midomo tu, bila sauti, akaniambia, "Cheza!"

Nikacheza. Winga wao alikuwa ameshaingia kwenye boksi. Nikamtelezea, nikautoa mpira kona. Kona ikaja, nikautoa tena kwa kichwa. Mwenyekiti akawaombea wagonjwa, mimi nikazuia. Akawaombea wasafiri, nikazuia. Alipofika kwa serikali na viongozi wake, kipenga kikalia. Sare! Tumebaki! Watu wakasema amina, na yangu ilitoka na kwikwi hata mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Roho amemgusa huyu."

Nikaenda jikoni kuchukua sinia, nikijua nina kesi. Mama alikuwa anapakua nyama. Hakugeuka.

"Mama, nilifumbua macho."

"Nilikuona."

Akaendelea kupakua. Mimi nikashika sinia.

"Huyo beki wako wa kulia," akasema, "msimu ujao usimpange. Tangu ile mechi ya mvua anapitwa tu na kila mtu."

Sikuwahi kumsimulia mechi yoyote, ya mvua wala ya jua. Msimu mzima nilidhani anapita nyuma ya kiti changu akienda kuanua nguo.