Mapapai ya Haiti kwenye Mkeka wa Makopa

Sijawahi kumfokea mama yangu, ila siku ile nilimfokea, tena uani, mtaa wetu mzima wa Msamala ukisikia. Alikuwa ameanika picha aliyotutumia dada kwenye mkeka, katikati ya makopa ya muhogo, na kuku wawili walikuwa wanatembea juu yake.

Dada yangu ni mtawa, muuguzi kule Haiti. Picha ilifika jana yake kwa mkono wa mtawa mwenzake aliyekuja likizo: mchoro wa rangi za mafuta, meza iliyojaa mapapai, ndizi, pilipili na boga lililopasuliwa, rangi zimepakwa nene kama siagi. Mama aliipenda papo hapo. Alisema ni soko letu la Bombambili kabisa, ila huko wanaosha bidhaa zao.

Tatizo ni kwamba ilinata. Na kwa mama, kitu kinachonata kimeingia unyevu safarini, na dawa ya unyevu ni jua. Mahindi, magodoro, hata vyeti vyetu vya ubatizo ameshavianika.

Nyayo za kuku zilianzia kwenye boga, zikakatiza mapapai, zikatokea upande wa pili na rangi ya chungwa juu ya makopa meupe. Pilipili zilikuwa zimeburuzwa mpaka kwenye ndizi.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimeanika. Si ilikuwa mbichi?"

Hapo hapo dada akapiga simu ya video, anataka kuiona ikiwa ukutani. Sikuwa na uongo wa kumpa, nikaigeuza simu. Alipoiona, akasema mchoraji alikuwa mgonjwa wake. Aliichorea kitandani, akamkabidhi dada kabla haijakauka, kwa sababu alijua hatafika siku ya kukauka kwake. Walimzika picha ikiwa bado njiani.

"Sina kingine cha kumkumbukia," akasema, akakata.

Hasira iliniisha. Mama alikuwa amesikia yote. Alifukuza kuku, akasogeza makopa, akajifunga khanga, akaketi kwenye mkeka kando ya picha, miguu ameinyoosha, kama anavyokaa msibani. Jirani aliyekuja kuamua ugomvi wetu alishtuka, akauliza nani amefariki.

"Mgeni," mama akamjibu. "Amefika jana tu, nasi tukamlaza nje na kuku."