Mpangaji wa Ghorofa ya Juu

Wino wa taipureta una harufu kali, kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya chuma, na mwaka niliotimiza miaka kumi harufu hiyo ilijaa ghorofa ya juu ya nyumba yetu, mtaa wa Mkunazini. Huko alipanga Bi Nora, Mmarekani mweusi aliyekuwa akiwapigia chapa barua wafanyabiashara wa soko la Darajani. Mama alimpenda kwa adabu yake. Mimi nilimpenda kwa kuwa alinifundisha kupiga chapa bila kutazama vidole. Lakini hakuwa na utulivu. Kila hodi ilipobishwa, mikono yake iliganda, na kiti chake alikiweka pale anapoiona ngazi.

Alasiri moja nikitafuta karatasi kashani mwake niliona picha: vijana wameinua ngumi, naye katikati, kashika bunduki. Aliponikuta nayo hakunigombeza. "Tulitaka haki kwa wanyonge," alisema, "tukachoka kungoja. Wenzangu wakatega bomu katika ofisi ya serikali wakidhani haina mtu. Mimi niliendesha gari. Mlinzi alikuwamo."

"Akafa?"

"Akafa. Usimwambie mtu."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku ya pili, skuli, wenzangu waliponishinda kwa majigambo, nikasema kwetu anaishi mwanamke aliyepigana na serikali ya Marekani. Wiki haikwisha, maofisa wawili wa uhamiaji wakabisha hodi, wakimuulizia Bi Nora. Mama, asiyeniruhusu uongo hata wa mzaha, akawaambia, "Hapa hapana mtu huyo." Mara Bi Nora akateremka. "Nshachoka, Bi Zuhura," alimwambia Mama, kisha akawaeleza wageni yote. Kumbe walikuja kuulizia kibali cha kuishi tu.

Alipokuwa akifunga mizigo nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyesema. "Nnajua," alijibu. "Mambo haya yalianza kabla hujazaliwa." Alirudishwa kwao, akafungwa. Mpaka leo sijui kama ni maneno yangu yaliyowaleta.

Enzi hizo siasa za mbali zilitufikia kupitia mtu mmoja aliyejificha ghorofani. Leo zinamfikia binti yangu simuni hata hajamaliza chai. Juzi alinionesha vijana wakiandamana, akaniuliza, "Mama, ungekuwa wewe, ungetoka?" Nikamjibu ningetoka. Kisha jibu hilo likanikosesha raha. Nikamwita arudi akae, nikamsimulia habari za Bi Nora tangu mwanzo, pamoja na sehemu yangu, ambayo mama yangu alikufa bila kuijua.