Majibu ya Baiskeli

Mwalimu aliyeninoa Kiingereza cha mtihani alikuwa mstaafu wa sekondari hapa Kahama, mjane anayeishi peke yake. Mimi ni muuguzi. Sehemu ya mazungumzo nilikuwa nimeshaifeli mara moja, na bila kuifaulu nisingeweza kuomba kazi nje ya nchi. Nikitoka zamu ya asubuhi nilipita kwake, nikamwamkia, tukaketi sebuleni kwake kuulizana.

Alisema watahini hupenda mambo ya kawaida: chakula, mvua, baiskeli. Ya baiskeli nilidhani ningeyaweza. Nimekulia Shinyanga vijijini. Baba alibeba kwa baiskeli pamba, maji, hata mbuzi wa mnadani. Lakini majibu yangu yalikuwa mafupi mno. Akiniuliza kama napenda kuendesha baiskeli, nilijibu hapana, basi. Alitaka niseme kwa nini, nitoe mfano, nitabasamu kidogo. Tena neno lenyewe la kuendesha kwa Kiingereza linaanza na r, na ulimi wangu wa Kisukuma uliitoa l kila mara. Nililirudia mpaka koo likakauka.

Siku moja akaniuliza mara ya mwisho nilipanda baiskeli lini. Nikamweleza kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu hakikufika huko.

Nilikuwa likizo nyumbani, ndani kabisa mashambani, mbali na Didia kwenye zahanati. Mdogo wangu akajifungua mapema kuliko tulivyotazamia, mvua ikinyesha, na kondo ya nyuma ilipotoka damu haikukata. Nilimkanda tumbo kama nilivyofundishwa. Dawa sikuwa nayo. Njia ilikuwa tope tupu, hakuna dereva wa gari wala wa bodaboda aliyekubali kuja. Baba, ambaye mguu wake mmoja ni mbovu, akatoa baiskeli yake. Tukampandisha mdogo wangu kwenye keria, mama akamfunga kwangu kwa khanga, akabaki na kichanga, nikaondoka.

"Dada, nasikia baridi," aliniambia njiani.

Nikamjibu tunakaribia. Hatukuwa tunakaribia. Baadaye kichwa chake kikawa kizito mgongoni mwangu, nikaendelea kukanyaga pedeli nikijiambia amesinzia, mimi ambaye kazi yangu ni kutambua jambo hilo. Kule zahanati muuguzi mwenzangu alifungua khanga, akamshika shingoni, nikajua.

Mwalimu alivua miwani. Alinipa pole, kisha akasema taratibu, "Hili usiliseme kule, binti yangu. Utalia, na ukilia hutaweza kuendelea."

Hakuwa na ubaya. Tulitengeneza jibu jingine: baiskeli ni nzuri kwa afya, haichafui hewa, na mwezi uliopita niliendesha kando ya ziwa pamoja na marafiki, upepo ukivuma. Sijawahi kuendesha baiskeli kwa kujifurahisha maishani mwangu. Hata hivyo nililikariri jibu hilo nikitandika vitanda vya wagonjwa, na r ikaanza kutoka.

Mtihani ulifanyika Mwanza. Mtahini alikuwa mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, na kweli akauliza habari za baiskeli. Nikajibu bila kukwama: afya, hewa, ziwa. Akatabasamu, akataka kujua nilikwenda na nani. Tulishaandaa neno la marafiki. Badala yake nikajikuta nimesema mdogo wangu.

Akaniuliza kama mdogo wangu aliifurahia safari.

Nilitafuta kusema ndiyo. Nilitafuta maneno ya wakati uliopita ambayo mwalimu alinifundisha kwa uvumilivu, nikayakosa. Yaliyokuja yote yalikuwa ya wakati uliopo. Nilisema anasikia baridi. Nilisema amelala. Nikaishia hapo, mikono mapajani, na yule mama akasubiri kwa adabu, kisha akahamia swali la muziki. Yaliyobaki nilijibu ndiyo na hapana.

Matokeo yalipotoka, sehemu nyingine zote nilikuwa nimefaulu. Mazungumzo yalinishinda tena. Mwalimu alipiga simu kunitia moyo nijaribu mara nyingine, akasema maswali hubadilika. Nilimshukuru, na sikurudi kwake.

Jumapili nilikwenda nyumbani. Baba alikuwa amempakata mtoto wa marehemu akimnywesha uji, maana mtoto yule alipona. Alitaka kujua hao watu wa Mwanza waliniuliza nini. Nikamwambia waliuliza habari za baiskeli.

Kijiko kilisimama hewani kidogo. "Ukawajibu nini?"

"Kwamba ni nzuri kwa afya, baba."

Alimfuta mtoto mdomo, akaendelea kumnywesha. Mama akaniita jikoni nikamsaidie kusonga ugali, tukala, na kabla jua halijazama nikaondoka kurudi Kahama. Kesho yake nilikuwa na zamu wodi ya wazazi.