Boti ya Posa

Mie nilizaliwa na mdomo. Mama alikuwa akisema watoto wa wenzake walitoka tumboni wakilia, mie nilitoka nikigomba. Kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio pale Tandika nilishawahi kumfukuza mteja kwa sababu tu aliniuliza, "Fundi, una uhakika?" Sasa mtu wa namna hiyo mwambie akae kimya masika yote, tena mbele ya mzee anayemkosoa kazi yake. Wallahi nilikonda.

Nilikuwa nimeposa. Binti mwenyewe alikaa mitaa ya nyuma ya kibanda, na kila mara alikuwa akiniletea redio ya kwao, ingawa redio ile ilikuwa nzima kuliko mie. "Kaka fundi, haisikiki," anasema, huku taarabu inasikika mpaka barabarani. Naifungua, naipuliza vumbi, naifunga. Siku moja nikamwambia redio hii itakufa kwa kufunguliwa, bora tuambizane ukweli. Tukaambizana. Nikapeleka posa.

Kwa watu wa pwani, ukishaposa mdomo wako unaufunga, kinachosema ni cha mshenga. Baba wa binti humsemeshi. Ukikutana naye njiani ni shikamoo, macho chini, unapita. Mshenga wangu alikuwa muuza kahawa wa mtaani kwetu, mtu mzima mwenye kanzu safi na ulimi wa asali. Hata salamu aliifikisha kwa mzunguko: ataanza na mvua, aulize wajukuu, aombee wagonjwa, na akifika kwenye jambo lenyewe kahawa imeshapoa.

Baba wa binti alikuwa nahodha. Aliendesha boti za bandarini mpaka alipopunguzwa kazini, akarudi nyumbani na kofia yake na hasira zake. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinaingia kutoka Dubai, na mwanawe mkubwa akaleta boti ya kuchezea, ya umeme, nyekundu, ndefu kama mkono wa mtu mzima, inaendeshwa kwa rimoti. Ilikuwa zawadi ya wajukuu. Wajukuu waliishika siku ile ile tu.

Mvua zilipokolea, uwanja wa mpira karibu na kwake ukajaa maji, vyura wakahamia, na mzee akapata bahari. Shida ni kwamba jirani yake, mwenye duka la vyombo vya umeme, naye akajiletea boti, tena mpya zaidi. Kila jioni boti ya jirani inakwenda goli hadi goli na kurudi, ya nahodha imekwama katikati inatafuna maji, mjukuu anatumwa kuiokota. Na jirani alikuwa na maneno yule! "Nahodha, hapo unakimbia au unavua?"

Ndipo jibu la posa likaja, kama ni jibu.

"Mzee amesikia kijana ni fundi," mshenga aliniambia, akinimiminia kahawa ambayo sikuiomba. "Anasema, siku chombo chake kitakapokipita cha jirani, siku hiyo atatoa jibu."

"Na kisipokipita?"

"Hilo hakulisema, na mie sikuuliza. Mjumbe hauawi, lakini sitaki kuwa wa kwanza."

Nikaifungua boti kwenye meza yangu. Ndani mlikuwa na kamota kadogo, hata kuzungusha kijiko kwenye chai kasingeweza, na betri zake zilikuwa mawe ya tochi, mazito, yanachoka upesi. Mawe nikayatoa, nikaweka betri za kuchaji nilizozipata kwenye kamera mbovu ya video iliyotupwa na mpiga picha za harusi. Mota nikaing'oa kwenye drili ya mtumba iliyovunjika mpini. Pangaboi la nyuma nikalikata upya kwa kipande cha shaba, nikalinyoosha na kulisugua mpaka likang'aa.

Nikaijaribu kwenye pipa lililokatwa nusu, mbele ya kibanda. Nimegusa rimoti tu, boti hiyo! Ikaruka nje ya pipa, ikavuka mtaro, ikatua kwenye karai la mama muuza mihogo. Namshukuru Mungu mihogo ilikuwa bado mibichi. Yule mama alinipa matusi ambayo sijayasikia tena mpaka leo, na mie nilikuwa nacheka tu, maana nilishajiona bwana harusi.

Nikampa mshenga aipeleke. Kesho yake akairudisha kwapani.

"Mzee anasema chombo kimekaa matako chini, pua juu. Anasema mzigo wote umeutia tezini, huko nyuma, usogeze omo, mbele. Halafu anasema, ile haiitwi pangaboi, inaitwa rafadha."

Damu ikanipanda. "Mwambie betri nikizisogeza mbele waya hazifiki! Na mwambie pangaboi ni pangaboi!"

"Niseme hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo!"

Akaenda. Alichokisema kule nilikuja kukijua baadaye: "Kijana anashukuru mno kwa nasaha, na anakubusu mikono." Mie nilibaki nagombana na meza. Mwisho nikaunga waya mrefu zaidi, nikasogeza betri mbele, nikaitia boti kwenye pipa. Ikalala juu ya maji vizuri, pua na nyuma sawasawa. Mzee alikuwa na haki, na jambo hilo lilinikera mpaka usingizini.

Sasa ikawa inakimbia kweli, lakini mota inapata moto mpaka inanuka. Mzee akaamua mwenyewe kwamba kwenye majaribio ataipeleka ng'ambo tu, kurudi mjukuu ataibeba kichwani, mota ipumzike. Mie nikatafuta kijibomba chembamba cha shaba kutoka kwenye friji iliyokufa, nikakizungusha kwenye mota, ncha moja nikaipenyeza chini nyuma ya pangaboi ili ipokee maji, nyingine nikaitoa ubavuni. Boti ikikimbia, maji yanaingia, yanaipoza mota, yanatoka pembeni kwa kuchuruzika kama mtoto anakojoa. Niliona haya kumpelekea mtu mzima kitu kama kile.

"Mzee amecheka," mshenga akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetangaza kuandama kwa mwezi. "Anasema boti zote za kweli hukojoa ubavuni."

Binti akapitia kibandani, safari hii bila redio. "Baba anakula anaizungumzia boti, anaoga anaizungumzia boti," akasema. "Wameshapatana na jirani washindane mbele ya mtaa. Sasa chonde, siku hiyo ufunge huo mdomo. Kuna mtu alikuja kuniposa mwaka juzi, akamkatiza baba maneno mara moja tu. Hakurudi tena."

Nikamwapia. Nikamwambia hata nyuki aniingie puani sitapiga chafya.

Siku yenyewe ilikuwa jioni, baada ya alasiri, mvua imepumzika. Mtaa mzima ulitoka. Wazee waliletewa viti, wanawake wakajipanga nyuma ya ua wa makuti, na yule binti yuko katikati yao amejifunika kanga mpaka machoni kana kwamba simjui. Mie kwa kuwa ni fundi niliruhusiwa kusimama karibu, nyuma kidogo ya mzee, na kati yetu yupo mshenga na dele lake la kahawa. Mbio zenyewe: kutoka goli la huku, kuzunguka goli la kule, na kurudi.

Boti zikaachiwa. Yallah! Boti yetu ilinyanyuka ikawa inagusa maji kwa mkia tu, inakojoa ubavuni, ile ya jirani imebaki nyuma inakunywa mawimbi yetu. Watoto wakapiga mayowe. Mzee kasimama wima, miguu kaitanua kama yuko juu ya sitaha ya meli. Jirani kimya, kwa mara ya kwanza. Boti ikazunguka goli la kule safi kabisa, ikaanza kuja kwetu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nahodha yule maisha yake yote alikuwa ndani ya chombo. Hakuwahi kusimama ufukweni akakiona chombo chake kikimjia. Na boti ikikujia, kulia kwake ni kushoto kwako. Ikapinda kidogo kwenda kushoto kwa mzee, yeye akairudisha kulia kama alivyozoea, ikazidi kupinda. Akakaza zaidi. Ikaanza kuzunguka palepale katikati ya uwanja, kama kuku aliyechinjwa, na ya jirani ikawa inakuja polepole, haina habari.

Nikamnong'oneza mshenga: "Mwambie ageuke! Aipe boti mgongo, aiangalie kwa juu ya bega, mikono itakaa sawa! Upesi!"

Mshenga akaweka dele chini. Akanyoosha kanzu. Akakohoa.

"Mzee wangu," akaanza, "kwa heshima na taadhima, na kwa idhini yako, huku tukimshukuru Mola aliyetujalia mvua hii, kijana hapa nyuma yako ana kijineno, si kikubwa, ambacho kama hutaona vibaya..."

Boti ya jirani ikaipita yetu.

Niliuma ulimi. Nawaambia niliuma kweli, nikasikia chumvi ya damu. Nikamwona binti nyuma ya makuti ameweka mkono mdomoni, ananikataza kwa macho. Nikajiambia nyamaza, nyamaza, nyamaza. Mshenga ndio kwanza amefika kwenye afya ya wajukuu.

"MZEE!" nikapiga ukelele. "Geuka! Ipe mgongo! Simama kama umo ndani yake!"

Uwanja mzima ukanigeukia, hata vyura. Mzee akashtuka, akageuka, akanitazama usoni. Halafu, huku bado kaelekea kwangu na mgongo kaupa maji, akachungulia kwa juu ya bega na kusogeza kidole. Boti ikanyooka. Ikatoka mbio kama iliyochomwa kaa la moto, ikaifukuza ya jirani, ikaifikia, ikaikaribia kabisa, na ya jirani ikaingia golini ikiwa mbele kwa urefu wa kiganja.

Tumeshindwa. Jirani akaruka juu na kanzu yake, akaanguka kwenye tope, na hakuna aliyecheka. Watu wote walikuwa wananitazama mie, niliyemkemea baba wa binti mbele ya mtaa. Nikaona posa yangu imekwenda, binti amekwenda, hata kile kibanda nikakiona kama cha mtu mwingine. Mshenga alikuwa ameishika kofia yake kifuani kama yuko mazikoni.

Mzee akakunja antena ya rimoti taratibu. Hakunitazama tena. Akamtazama mshenga, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mwambie mkwe wangu, mie si kiziwi. Siku nyingine aseme mapema, leo tungeshinda."

Mshenga kazi yake anaijua. Akavaa kofia, akanigeukia mie niliyesimama pale pale ubavuni kwake, akakohoa, akaanza: "Mzee anasema, mwambie mkwe wangu..."

Akakwama. Akamtazama mzee, akanitazama mie.

"Mkwe?"

Nyuma ya ua wa makuti vigelegele vilishapanda, na cha binti nikakitambua kati ya vyote. Mshenga ananisukuma begani, jibu, kijana, mzee anangoja jibu! Na mie, kwa mdomo wangu wote ule, sikupata hata neno moja la kumrudishia.